Kanisa Lijivunie Nini?

Muulize Mkristo yeyote kama kanisa linaruhusiwa kujivuna, atakujibu bila kusita: hasha, kiburi ni dhambi. Kisha msikilize huyo huyo akisimulia habari za usharika wake. Ibada zinajaa hadi watu wanasimama nje, kwaya imerekodi nyimbo mpya, jengo limeezekwa, mchungaji wao anaalikwa kuhubiri kila mahali. Usiharakishe kumwita mnafiki. Analipenda kanisa lake, na mtu akipenda kitu hukisema. Shida ni kwamba wengi wetu tumefundishwa tusijivune, tukaachwa bila kufundishwa ni kitu gani kinachostahili kusemwa kwa furaha, tena hadharani. Nafasi hiyo ikibaki wazi hujazwa na chochote kinachoonekana kwa macho.

Biblia yenyewe, ukiisoma kwa haraka, inaonekana kugongana juu ya jambo hili. Paulo anawaambia Wakorintho, "Kujisifu kwenu si kuzuri." Anawaandikia Wagalatia kwamba hataona fahari juu ya kitu chochote isipokuwa msalaba wa Bwana Yesu Kristo. Lakini kwa Wathesalonike anasema wazi kwamba yeye na wenzake wanaona fahari juu yao katika makanisa ya Mungu, na anaitaja sababu: saburi yao na imani yao katikati ya mateso. Mtume ni yule yule, na hakuwa mtu wa kusahau alichoandika jana. Basi ni lazima kuna mpaka aliouona yeye, ambao sisi tumeupoteza.

Mpaka huo hakuuanzisha Paulo. Aliuchukua kwa nabii Yeremia, sura ya 9, maneno yaliyosemwa kwa watu wa Yerusalemu kabla mji wao haujaanguka mikononi mwa Wababeli mwaka 586 KK. Mwenye hekima asijisifu kwa hekima yake, wala mwenye nguvu kwa nguvu zake, wala tajiri kwa utajiri wake. Hapo wengi hufunga kitabu. Yeremia anaendelea: anayejisifu na ajisifu kwa sababu hii, kwamba anamfahamu Bwana, atendaye wema, hukumu na haki katika nchi. Hajaifuta fahari. Ameing'oa kwenye akili, jeshi na hazina, akaipanda kwenye kumjua Mungu wa namna fulani, Mungu ambaye hupendezwa na wema, hukumu na haki. Mji uliojaa fahari ya zile tatu za kwanza ulikuwa unawaonea wajane na yatima wake, na nabii alikuwa amekwisha kuwaambia hivyo hekaluni, uso kwa uso.

Paulo alipoyapeleka maneno hayo Korintho, aliyapeleka mahali yalipohitajika. Washarika wa pale walikuwa wamegawanyika kwa majina ya wahubiri: huyu wa Paulo, yule wa Apolo, mwingine wa Kefa. Kila kundi lilijipima kwa ufasaha wa mtu wake. Paulo hakujitetea wala hakumpunguza Apolo. Aliwakumbusha walivyokuwa siku walipoitwa, kwamba si wengi wao waliokuwa na hekima au nguvu au cheo, kisha akawauliza swali ambalo lingefaa kuulizwa katika kila kikao cha wazee wa kanisa: una nini usichokipokea? Na kama ulikipokea, kwa nini unajisifu kana kwamba hukupokea?

Kwa kawaida tunalijibu swali hilo kwa maneno matatu: utukufu kwa Mungu. Tukishayasema, tunajiona tuko salama. Tumejenga, utukufu kwa Mungu. Tumewapita wote kwa matoleo, utukufu kwa Mungu. Lakini Farisayo wa Luka 18 naye alianza sala yake kwa shukrani. "Mungu, nakushukuru," ndivyo alivyosema, na aliyoyataja yalikuwa mambo mema kabisa: kufunga mara mbili kwa juma, kutoa zaka ya mapato yote. Kosa lilikuwa katika kipimo. Ili shukrani yake ikamilike, alimhitaji mtoza ushuru asimame kule nyuma, amtazame na kusema, mimi si kama huyu. Shukrani isiyoweza kusimama bila mtu wa kudharauliwa imekwisha kugeuka kitu kingine, hata kama inaanza kwa jina la Mungu.

Ndiyo maana naliona agizo la Wagalatia 6:4 kuwa zito kuliko tunavyolichukulia: kila mtu aipime kazi yake mwenyewe, ndipo atakapokuwa na sababu ya kujisifu ndani ya nafsi yake tu, wala si kwa mwenzake. Kanisa linaloweza kueleza furaha yake bila kutaja wala kudokeza kanisa jingine lililo chini yake limevuka mtihani mkubwa. Lisiloweza, lirudi kwanza likaipime kazi yake upya.

Kuna jambo jingine ambalo ukiwa makini na nyaraka za Paulo utaliona linajirudia. Anapoona fahari, karibu kila mara ni juu ya watu wengine, na anayasema hayo mbele ya watu wengine tena. Anawasifu Wathesalonike kwa makanisa mengine. Anawasimulia Wakorintho habari za Makedonia, na Wamakedonia habari za Akaya. Sifa inatembea kutoka kanisa hadi kanisa, na hairudi kwa aliyeitoa. Inapombidi ajisifu yeye mwenyewe, kwa kuwa wapinzani wake wa Korintho walikuwa wanajitangaza, tazama anachochagua. Anasimulia usiku wa Dameski. Liwali wa mfalme Areta alikuwa anaulinda mji ili amkamate, naye Paulo akateremshwa ndani ya kapu kupitia dirisha la ukutani, akaponyoka. Korintho ilikuwa koloni la Kirumi, iliyoanzishwa upya kwa amri ya Julius Caesar mwaka 44 KK, na jeshi la Roma lilikuwa na taji maalumu la askari wa kwanza kuupanda ukuta wa adui. Mtume wao anawaambia kwamba yeye aliushuka ukuta, gizani, kama mzigo. Hiyo ndiyo hadithi anayoiweka mwishoni mwa orodha ya sifa zake, na anasema sababu waziwazi: atajisifia udhaifu, ili uweza wa Kristo ukae juu yake.

Basi kanisa lenye afya lina nini cha kusimulia? Ukifuata mwelekeo huo wa Paulo, vitu vinajitokeza vyenyewe, na cha kwanza ni ukarimu, hasa wa wasio nacho. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza makanisa ya Makedonia, yaliyokuwa katika dhiki na umaskini mwingi, yalivyomsihi ayaruhusu kuchangia watakatifu wa Yerusalemu. Hawakuombwa, wao ndio walioomba. Na hapo hapo Paulo anaeleza jambo ambalo wahubiri wa michango hulipita mbio: fedha hizo hazikusafirishwa na yeye peke yake. Tito alikuwepo, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe aandamane na mchango, ili mtu asije akawalaumu kwa habari ya karama ile. Wanaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mtume aliyemwona Kristo aliyefufuka alikubali kusindikizwa na mkaguzi. Kwangu mimi, usharika ambao hesabu zake za sadaka husomwa wazi, zikakaguliwa na watu ambao si jamaa wa mchungaji, una jambo la kujivunia kubwa kuliko mnara wowote.

Historia ya kanisa la mwanzo inaonyesha jinsi fahari hii ilivyosemwa zamani. Karibu mwaka 251, askofu Kornelio wa Roma alimwandikia mwenzake Fabio wa Antiokia barua, na Eusebio wa Kaisaria akaihifadhi sehemu yake. Ndani yake kuna hesabu ya kanisa la Roma: mapadre 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, waakoliti (wasaidizi wa ibada) 42, wapunga pepo, wasomaji na walinda milango 52, na wajane pamoja na wenye shida zaidi ya 1,500, wote wakilishwa kwa neema na upendo wa Bwana. Irudie orodha hiyo taratibu. Wanaotunzwa wamehesabiwa pamoja na wanaohudumu, katika sentensi moja, kama sehemu ya mwili ule ule. Kornelio hasemi kanisa "linasaidia" watu 1,500 waliopo nje yake. Anasema hilo ndilo kanisa.

Miaka 100 na kidogo baadaye ushahidi ulitoka kwa adui. Kaisari Juliani, aliyetawala kuanzia 361 hadi 363 na kutaka kuirudisha dini ya kale ya Roma, alimwandikia Arsakio, kuhani mkuu wa Galatia, kwa uchungu: Wagalilaya hawa (ndivyo alivyowaita Wakristo) wasiomcha Mungu wanawalisha maskini wao na wetu pia. Akataja na ukarimu wao kwa wageni na jinsi wanavyotunza makaburi ya wafu. Hakuna Mkristo aliyemwomba ayaandike hayo. Fahari iliyo halali ina tabia hiyo, kwamba mara nyingi hutamkwa na mtu asiye na sababu ya kuitamka.

Hapa kuna fundo lingine ambalo lazima lifunguliwe. Yesu aliyesema nuru yenu iangaze mbele ya watu wapate kuyaona matendo yenu mema, katika Mathayo 5, ndiye aliyesema katika sura ya 6 kwamba utoapo sadaka mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Wengine huchagua sura moja na kuiacha nyingine. Nadhani jibu liko katika ni nani anayewekwa mbele ya macho. Sura ya 5 inamalizia na watu wakimtukuza Baba. Sura ya 6 inamzungumzia mtu anayepiga panda ili atukuzwe yeye. Sasa tazama picha ambazo makanisa yetu husambaza baada ya kutoa misaada: mchungaji katikati, mfuko wa unga umeshikwa na mikono minne, na bibi mmoja mbele yake ameambiwa atazame kamera. Wa kutukuzwa hapo ni nani? Na yule bibi, ambaye kwa hesabu ya Kornelio ni kiungo cha kanisa, amegeuzwa pambo la sifa ya watu wengine. Kornelio alitaja idadi. Hakutaja jina la hata mjane mmoja.

Baada ya ukarimu, Paulo anataja saburi. Mfano bora ninaoujua uko Smirna. Yapata mwaka 155 kanisa la mji huo liliandika barua kwa kanisa la Filomelio kusimulia kifo cha askofu wao Polikarpo, mzee aliyesema amemtumikia Kristo miaka 86. Ilikuwa na kila haki ya kuwa barua ya kujigamba. Lakini inasimulia kwamba Polikarpo hakukimbilia kufa. Alikubali ushauri wa wenzake akaenda kujificha shambani, na askari walipomkuta aliagiza wapewe chakula na kinywaji, yeye akaomba nafasi ya kusali. Tena inamtaja mtu mmoja, Kwinto, aliyetoka Frigia, ambaye alijipeleka mwenyewe kwa watesi na kuwashawishi wengine wafanye hivyo, kisha alipowaona wanyama wakali wa uwanjani akaogopa, akaapa na kutoa sadaka kwa miungu. Wanaandika kwamba hawawasifu wanaojitoa wenyewe namna hiyo. Kanisa lililokuwa na shujaa wa kumtangaza liliandika na aibu yake humo humo. Ndiyo maana tunaiamini barua ile hadi leo.

Kuhusu majengo na idadi nitasema kifupi, maana havihitaji mengi. Si dhambi kuhesabu. Luka alihesabu watu wapata 3,000 siku ya Pentekoste, na anasema aliyewaongeza ni Bwana. Jengo nalo ni baraka. Ila ni baraka inayoondoka. Wanafunzi walipomwonyesha Yesu mawe ya hekalu, aliwaambia halitasalia jiwe juu ya jiwe, na mwaka 70 ikawa hivyo. Kaisari Justiniani alipozindua kanisa la Hagia Sophia huko Konstantinopoli mwaka 537, inasimuliwa kwamba alijisifu amemshinda Sulemani. Mwaka 558 sehemu kubwa ya kuba ile ikaporomoka baada ya matetemeko ya ardhi. Kanisa likiweza kujiuliza lingebaki na nini kama paa lingeanguka usiku huu, na likapata jibu refu, basi paa lake halina hatari kwake.

Laodikia halikuwa na jibu. Mji huo ulibomolewa na tetemeko mwaka 60, na mwanahistoria Mrumi Tacitus ameandika kwamba ulijijenga upya kwa mali yake wenyewe bila msaada wa Roma. Wenyeji walilijua hilo, na inaonekana kanisa lililovuta hewa ya mji ule lilivuta na maneno yake: mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu. Kristo analiambia kwamba ni maskini, kipofu na uchi. Kwa Smirna anasema kinyume: naujua umaskini wako, lakini u tajiri. Kati ya makanisa saba ya Ufunuo, mawili tu hayakukemewa, Smirna lililokuwa maskini na Filadelfia lililokuwa na nguvu kidogo. Sidhani ni bahati tu, ingawa umaskini peke yake haujawahi kumfanya mtu mwaminifu.

Ukitaka kujua kanisa linajivunia nini, usisome mabango yake. Sikiliza taarifa ya mwaka inavyosomwa. Katibu anasimama, karatasi mkononi. Mahudhurio, yamepanda. Sadaka, imepanda. Ujenzi, umefikia asilimia kadhaa. Makofi. Hakuna mahali pa yule mama aliyemwuguza jirani wa dini nyingine hadi akafa, wala ndugu wawili waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya kiwanja na sasa wanakaa benchi moja, wala kijana aliyeacha ulevi, akaanguka, akarudi, na kundi lake la nyumba kwa nyumba likampokea mara zote bila kumsema. Mambo hayo hayana safu katika jedwali. Paulo angeanza nayo. Sisemi katibu asome siri za watu. Mengine yanafaa kusemwa kwa shukrani bila majina, na mengine yasisemwe kabisa. Lakini wazee wanaokaa pamoja mara moja kwa mwaka wakiulizana ni wapi wameiona kazi ya Kristo kati yao, hata kama hawataandika lolote, watakuwa wamejifunza kuona upya.

Lililo gumu kuliko yote ni toba. Wale Wakorintho walioambiwa kujisifu kwao si kuzuri waliambiwa kwa tukio maalumu: kulikuwa na mtu kati yao anayeishi na mke wa baba yake, na badala ya kusikitika walikuwa wanajivuna. Jina lao lilikuwa kubwa mno kuharibiwa na habari kama hiyo. Ugonjwa huo haujatuacha. Mtoto anaumizwa na mtumishi wa kanisa, na swali la kwanza kikaoni linakuwa habari hii itatuchafuaje. Kanisa linaloficha dhambi ili kulinda jina lake limekwisha kuchagua kitu cha kujivunia, nacho ni jina, na limemtoa sadaka aliyeumizwa juu ya madhabahu hiyo. Halina cha kujivunia kingine hadi litakapomsikiliza mtu huyo, limpeleke aliyetenda mbele ya sheria, na kukiri hadharani.

Kukiri kwa namna hiyo kumewahi kutokea, na hakukuliua kanisa. Mwezi Oktoba 1945, viongozi wa Kanisa la Kiinjili Ujerumani walikutana Stuttgart na wajumbe wa makanisa ya nchi nyingine. Baadhi yao wangeweza kujivunia Tamko la Barmen la mwaka 1934, lililokataa serikali ya Hitler kulifanya kanisa chombo chake. Martin Niemöller, mmoja wa waliotia sahihi Stuttgart, alikuwa ametoka katika miaka ya kifungo kwenye kambi za Sachsenhausen na Dachau. Wakaandika kwamba kupitia kwao mateso yasiyo na kipimo yaliletwa juu ya mataifa na nchi nyingi, na wakajilaumu kwa kutokiri kwa ujasiri zaidi, kutosali kwa uaminifu zaidi, kutoamini kwa furaha zaidi, kutopenda kwa moto zaidi. Tamko hilo lina mapungufu. Halikuwataja Wayahudi, na wakosoaji wake wana haki kulisema. Hata hivyo wanaume wale waliokuwa na cheti cha kujitetea walikiweka pembeni, na ni kwa mlango huo makanisa ya nchi zilizoumizwa yalianza kuwapokea tena.

Linabaki jaribio moja ambalo kila usharika unaweza kujifanyia Jumapili ijayo, wakati wa maombi. Litajwe kwa jina kanisa jirani, lile ambalo baadhi ya washarika wenu wamehamia, na mshukuruni Mungu kwa kukua kwake. Mwombeeni mchungaji wake. Msiongeze "warudi nyumbani." Kama sala hiyo inakwama kooni, kinachokwama ndicho mlichokuwa mnajivunia. Paulo alipokuwa kifungoni, kulikuwa na wahubiri waliomhubiri Kristo kwa husuda na fitina, wakidhani wanamwongezea dhiki katika minyororo yake. Aliwaandikia Wafilipi kwamba Kristo anahubiriwa kwa vyovyote vile, na kwa hiyo anafurahi, tena ataendelea kufurahi.